Kuku Alale Kwake, Mtoto Acheze Kwake

Mimi ni muuguzi wa afya ya jamii. Leo tutazungumza juu ya kuku wa nyumbani. Pengine utauliza, muuguzi na kuku wapi na wapi? Nisikilize kwanza.

Huku kwetu magharibi mwa Kenya, boma lisilo na kuku ni nadra. Lakini kuku huyo huyo anaweza kumjenga mtoto wako au kumdhoofisha. Inategemea analala wapi, na mayai yake yanakwenda wapi.

Mama mmoja alinijia zahanati na mtoto wa miezi 11 aliyekuwa akiharisha. Nikampa ORS na tembe za zinki, mtoto akapata nafuu. Baada ya majuma machache akarudi. Mara ya tatu mtoto alikuwa amepungua uzito, na mstari wake kwenye kijitabu cha kliniki ulikuwa unashuka. Nilimwuliza juu ya maji ya kunywa, choo na kunawa mikono. Yote alijibu vizuri. Sikumwuliza kuku wake wanalala wapi. Hilo lilikuwa kosa langu.

Nilipomtembelea nyumbani nilikuta kuku 8 wanalala jikoni. Asubuhi hiyo mtoto alikuwa akitambaa hapo hapo, anaokota vitu sakafuni na kutia mdomoni. Nikamwambia mama awatoe kuku nje. Akanijibu, "Sista, nikiwalaza nje wataibwa usiku mmoja. Wezi wakikosa, kicheche atakuja. Na hawa ndio karo ya wale wakubwa." Niliona ana haki. Kumwambia mtu atoe kuku nje bila kumwonyesha pa kuwaweka si msaada.

Akina mama, kinyesi cha kuku hubeba vijidudu vya kuharisha hata kama kuku mwenyewe ni mzima. Mtoto anayetambaa huvila bila wewe kujua. Akiharisha mara kwa mara, chakula hakimjengi, na anaweza kudumaa.

Dawa yake ni banda. Halihitaji pesa nyingi. Kwa kuku 10, jenga banda la urefu wa mita 2 na upana wa mita 1. Liinue juu ya nguzo imara, kama kimo cha kiuno chako. Sakafu iwe ya fito zilizoachana kidogo ili kinyesi kidondoke chini. Kuta za chini ziwe za mbao au fito zilizokandikwa udongo, na juu uache nafasi ya hewa yenye wavu wa waya. Mabati makuukuu au nyasi zitafaa kwa paa, mradi mvua isiingie. Ndani weka miti ya kulalia, na viota 2 au 3 vyenye nyasi kavu mahali penye giza kidogo.

Na wezi je? Jenga karibu na dirisha la chumba unacholala, uweke mlango mzito na kufuli. Kuku wakipiga kelele utasikia. Zungushia ua wa fito mahali ambapo kinyesi hudondoka, mtoto asifike. Kifagie mara kwa mara, ukirundike mbali, kisha kikioza kitakuwa mbolea ya sukumawiki. Ukimaliza, nawa mikono kwa sabuni. Mchana kuku wakizurura, mtoto acheze juu ya mkeka safi mahali walipozuiwa kufika.

Sasa tuje kwa mayai. Yule mama alikuwa akiyauza yote siku ya soko, na mtoto anakula uji mtupu. Tulikaa tukapiga hesabu. Mitetea 5, kila mmoja akitaga mara 3 kwa mwaka, mayai 12 kila mara, ni mayai 180. Weka 40 ya kuatamiwa. Mpe mtoto 2 kila juma, hayo ni 104. Yatabaki 36 ya kuuza. Utasema ni machache. Lakini yale 40 yakianguliwa baada ya siku 21, na ukiwatunza vifaranga vizuri, utapata majogoo. Jogoo mmoja aliyekomaa hulipa kuliko trei nzima ya mayai. Basi uza jogoo, yai limbakie mtoto.

Tangu miezi 6 mtoto anaweza kula yai. Lichemshe hadi kiini kigande, uliponde na maziwa yako au uji. Yai lenye ufa usimpe. Siku zisizo na yai mpe omena waliosagwa, maziwa au maharagwe.

Najua wako wanaosema mtoto akila yai atachelewa kusema. Hiyo si kweli. Yai humjenga mwili na ubongo. Na siku mnapochinja kuku, imondo ibaki ya baba, sina ugomvi naye. Lakini ini lipikwe liive, mtoto apondewe, kwa maana lina madini ya kuongeza damu.

Jambo la mwisho ni ugonjwa wa kideri, ambao wengi huuita Newcastle. Unaweza kumaliza kuku wote wa kijiji kwa siku chache, na hauna dawa. Kuna chanjo ya tone moja jichoni, inayorudiwa kila baada ya miezi 3 au kama afisa wa mifugo atakavyoelekeza. Chupa moja ndogo mara nyingi hutosha kuku 100, kwa hiyo majirani changeni pesa mchanje siku moja. Wachanjwe wakiwa wazima. Kuku aliyekufa mwenyewe asiliwe wala kuuzwa. Mfukie mbali au mchome, na watoto wasimguse. Wakifa wengi kwa ghafula, mjulishe afisa wa mifugo.

Yule mama alijengewa banda na mumewe na shemeji yake kwa siku mbili. Sitasema mtoto hajaharisha tena. Lakini miezi mitatu baadaye nilipompima, mstari wa kijitabu ulikuwa umeanza kupanda.

Jioni ya leo, kabla ya kufunga mlango, tazama kuku wako wanaingia wapi. Kama ni pale mtoto anapotambaa, zungumzeni na baba watoto usiku huu huu. Na mtoto akiharisha, mpe ORS na umpeleke kituo cha afya mapema.