Makapi Yetu na Haki ya Hewa



Sisi wana Rungwe hewa ya ukaa si ngeni kwetu. Chini ya mlima Kyejo hutoka ardhini yenyewe, na kampuni huivuna kwa ajili ya vinywaji. Lakini ile ya ziada inayovuruga majira ya mvua imetoka kwa sehemu kubwa katika viwanda na magari ya nchi tajiri. Kabla ya viwanda, katika kila chembe milioni moja za hewa, 280 hivi zilikuwa za ukaa. Mwaka 2024 zilipita 420.

Wataalamu wanatafuta vitu vya bei nafuu vya kuinasa. Maganda ya kahawa na makapi ya mpunga yakichomwa kwa hewa haba, kisha kupitishiwa mvuke mkali, hugeuka mkaa wenye vitundu visivyohesabika. Gesi hunata katika kuta zake. Mkaa ukipashwa moto huiachia, nao hutumika tena.

Basi malighafi i mikononi mwetu. Tusiyauze makapi kwa bei ya takataka, kisha tuuziwe mkaa wake kwa bei ya dhahabu. Tuulize mapema: mkataba ni wa nani, na faida ni ya nani? Wala unasaji huu usiwe kisingizio cha wachafuzi kuendelea kuchafua.