Sasisho la Jumanne, Hasara ya Jumatano

Msikilizaji, kila Jumanne ya pili ya mwezi kampuni ya Microsoft hutoa masasisho ya Windows kwa dunia nzima. Utaratibu huo ulianza Oktoba 2003. Kwao, magharibi mwa Marekani, huwa ni saa nne asubuhi. Kwetu hapa Nakuru ni saa mbili au saa tatu usiku, na saiba nyingi za mjini zimeshafunga. Kwa hivyo mzigo hutua kesho yake, mashine zinapowashwa. Ukipita Kenyatta Avenue Jumatano hiyo asubuhi, ingia saiba yoyote utazame: duara linazunguka kwenye skrini, asilimia zinapanda kwa kujivuta, bando la mwenye saiba linaliwa bila yeye kuulizwa, na watu wenye bahasha za kaki wamejipanga ukutani.

Kusubiri tumezoea, kupotea kwa stima kulishatufunza. Kinachoniudhi mimi ni yanayofuata mashine ikishaamka, pale unapopeleka mkono ulikouzoesha kwenda ukakuta kitu hakipo.

Kuna mwalimu mstaafu wa upande wa Bahati, katibu wa kikundi cha maji, ambaye huja mjini kuchapa kumbukumbu za mkutano mwenyewe. Hataki kuchapiwa. Ana daftari lake la mazoezi ambamo ameandika kila hatua kwa kalamu nyekundu, kama alivyokuwa akiandika maandalio ya somo: kwanza kona ya chini kushoto, pili bonyeza, tatu teremka hadi neno fulani. Siku kona hiyo ilipokuwa tupu, alilisoma daftari upya tangu juu akidhani ameruka mstari.

“Mwalimu, hiyo siku hizi iko katikati,” msichana wa saiba akamwambia.

“Nani ameiweka katikati?”

“Imejiweka tu.”

Mwalimu akavua miwani. “Kitu hakijiweki, msichana wangu.”

Hapo mwalimu alimaliza kila kitu. Kitufe cha Start kilikaa kona ya kushoto tangu Windows 95, mwaka 1995. Oktoba 5, 2021 ikaja Windows 11, na kitufe kikahamishiwa katikati. Miaka 26 ya mazoea! Tena toleo hilo likagusa ile menyu inayofunguka ukibofya upande wa kulia wa kipanya. Maneno ya kukata, kunakili na kubandika yakaondolewa, pakawekwa vichoro vidogo visivyo na maandishi. Mtu aliyejifunza kusaka neno Paste akabaki kukodolea macho picha ya karatasi juu ya kibao. Maandishi yalirudishwa chini ya vichoro hivyo mwaka 2024. Imechukua miaka mitatu kampuni tajiri kama ile kukumbuka kwamba watu husoma.

Wala haikuwa mara ya kwanza kwa kitufe cha Start kuguswa. Windows 8, ya Oktoba 2012, ilikiondoa kabisa kitufe hicho. Malalamiko yalitoka kila pembe, na mwaka mmoja baadaye toleo la 8.1 likakirudisha, ingawa menyu yake yenyewe ilikuja kurudi kikamilifu na Windows 10, Julai 2015. Kwa hiyo asikwambie mtu kwamba kulalamika ni ushamba au uzee. Kelele zilifanya kazi.

Sasa tuulizane nani analipia. Mchapaji wa karibu na mahakama hulipwa kwa ukurasa. Macho yake yako kwenye karatasi ya mteja, labda hati ya kiapo au mkataba wa kuuza shamba la Molo, na mikono inajiendea yenyewe. Mtaji wake ni huo, kuliko hata ile mashine, maana mashine inanunulika. Ukimhamishia kitu kimoja tu, lazima ainue macho, asake, apoteze mstari aliokuwa akiusoma. Mteja hajui kilichotokea. Anachoona ni mtu anayebabaika, na kesho yake anaenda saiba ya jirani. Yule aliyehamisha kitu hicho hapotezi hata senti. Nadhani hata alipandishwa cheo.

Nataka nikurudishe mwaka 2007, kwa sababu mwaka huo ulituonyesha njia mbili tofauti kabisa. Januari, Microsoft walitoa Office 2007, na menyu zile za juu ambazo mahazili walikuwa wamezikariri katika vyuo vya uhazili zikafutwa, pakaja utepe mpana wa vichoro. Hata neno File liliondolewa, mahali pake pakawa na kiduara chenye nembo. Lilirudi katika Office 2010. Machi ya mwaka huo wa 2007 Safaricom wakazindua M-Pesa, menyu fupi iliyokaa ndani ya laini ya simu. Tuma Pesa, Toa Pesa. Mama anayeuza viazi soko la Wakulima hujua njia hiyo kwa kidole gumba, huku akimrudishia mteja mwingine chenji. Vitu vimeongezwa humo, Lipa na M-Pesa ikiwamo, lakini mama huyo hakuamka siku moja akakuta Tuma Pesa imefichwa. Na mwaka 2021 ilipokuja programu mpya ya M-Pesa ya simu janja, yenye rangi na madoido, hakuna aliyeifunga menyu ya kwenye laini. Anayetaka jipya achukue, anayetaka la zamani abaki nalo.

Mimi siombi zaidi ya hapo. Leteni jipya, lakini msibomoe njia ya zamani watu wakiwa bado wanaipita.

Najua nitajibiwa kwamba masasisho ni usalama. Kweli kabisa. Mei 2017 programu hasidi iliyoitwa WannaCry ilifunga mafaili ya kompyuta katika nchi zaidi ya 100 ikidai fidia, na huko Uingereza hospitali zikalazimika kuahirisha matibabu. Kiraka cha kuziba tundu hilo kilikuwa kimetolewa tangu Machi. Walioumia wengi ni wale ambao hawakukiweka. Kwa hiyo sikushauri uzime masasisho, hata kidogo. Lakini fundi uliyemwita abadilishe kufuli hana ruhusa ya kuhamisha mlango. Mambo hayo mawili yanaletwa kwetu katika mzigo mmoja, na mtu anayechoshwa na la pili huishia kukataa la kwanza. Ndivyo mashine nyingi zinavyobaki wazi kwa wezi.

Upande wetu kuna jambo jingine. Kompyuta nyingi katika saiba na shule za hapa, kuanzia Naivasha na Gilgil mpaka Njoro, ni zile tunazoziita ex-UK, zilizokwisha kutumika ofisini ng’ambo. Windows 10 iliachwa rasmi Oktoba 14, 2025, ikabaki nafasi ya kuongezewa ulinzi kwa mwaka mmoja. Windows 11 kwa kawaida inataka prosesa ya Intel ya kizazi cha nane kwenda juu, na mashine nyingi kati ya hizo hazifiki hapo. Maana yake wenye saiba watanunua mashine nyingine, na siku ya kuzifungua watakuta pia vitu si mahali pake. Hasara mbili kwa pigo moja.

Kwa aliyekwisha kuhamishiwa, mawili ya kufanya. Kitufe cha Start kinaweza kurudi kushoto: bofya upande wa kulia wa kipanya juu ya ule mstari wa chini kabisa wa skrini, fungua mipangilio yake, teremka hadi panapohusu mpangilio wa aikoni, uchague kushoto. Dakika moja, ingawa bila kuelekezwa huwezi kuotea. La pili ni zito zaidi. Jifunze vitufe vya kibodi badala ya picha za skrini. Herufi za kibodi zilipangwa hivyo katika miaka ya 1870 kwenye mashine za taipu za Remington, na mpaka leo aliyejifunza kwa taipu hapotei. Kukata, kunakili na kubandika ni kazi ya Larry Tesler na wenzake huko Xerox, California, katika miaka ya 1970. Ukishika Ctrl ukabonyeza C, unanakili, V, unabandika, P, unachapisha. Menyu zimehama weee, vitufe hivyo vimekaa palepale. Wanaofundisha vijana wetu kompyuta wangeanzia hapo, si kwenye “bofya ile ya bluu pale juu”.

Na serikali yetu isijifiche nyuma ya Microsoft. Mwaka 2023 mamlaka ya usalama barabarani, NTSA, walihamisha huduma za magari na leseni kutoka mfumo wa TIMS hadi mfumo mpya unaoingiliwa kwa akaunti ya eCitizen. Sina ugomvi na akaunti moja kwa huduma zote. Lakini kuna watu waliofunguliwa akaunti na kijana wa saiba, kwa barua pepe aliyowatungia yeye, nywila ikaandikwa katika kitabu cha kaunta. Kijana huyo akihama mji, mwenye bodaboda anayetaka leseni anaanzia wapi?

Kwa hiyo ombi langu kwa wakuu wa mifumo, wa Nairobi na wa kaunti yetu, ni dogo. Mkitaka kuhamisha kitu, tangazeni mwezi mmoja kabla, kwa redio na si kwa barua pepe peke yake. Acheni ya zamani ifanye kazi sambamba na mpya kwa muda. Na tafadhalini, kazi hiyo msiifanye wiki ya mwisho ya Juni, Wakenya wote wakiwa kwenye foleni ya saiba kujaza ritani za kodi za KRA.