Koo la Mtoto: Tukijue Kijidudu Kabla ya Kununua Dawa

Akina mama, akina baba na vijana wa vikundi vya Kisii na Nyamira, leo tunaacha habari za migomba na kuku kidogo, tuzungumze juu ya koo.

Mtu atasema, "Koo tu? Si ni maji moto na chumvi?" Ni kweli, mara nyingi koo hupona lenyewe. Katika watoto 10 wanaoumwa koo, 7 au 8 hivi wana virusi, na virusi haviuawi na dawa za bakteria. Lakini wale 2 au 3 waliobaki wana kijidudu kinachoitwa streptokokasi wa kundi A. Hicho ndicho tunachokitafuta, hasa kwa watoto wa miaka 5 hadi 15.

Kwa nini tukitafute? Kwa sababu koo likishapona, mambo huenda hayajaisha. Wiki 2 au 3 baadaye, mwili uliokuwa ukipigana na kijidudu hicho waweza kuanza kushambulia viungo vyake wenyewe. Magoti yanavimba, na vali za moyo zinaumia. Hiyo ni homa ya baridi yabisi. Miaka inapita, kisha msichana anashindwa kupanda mlima na mtungi wa maji, au anazidiwa akiwa mja mzito. Hapo inabaki kutafuta upasuaji wa moyo, kama ule unaofanywa katika hospitali ya misheni ya Tenwek, jirani zetu wa Bomet. Gharama yake ni kubwa, na dawa ya koo ingekuwa bei ndogo sana.

Sasa, kijidudu kinajulikanaje? Kwa macho, hapana. Mafindofindo mekundu yenye usaha huweza kuletwa na virusi pia. Mhudumu wa afya hupangusa koo kwa kijiti chenye pamba. Maabara hukipaka katika sahani yenye chakula kilichochanganywa na damu, na kuiweka mahali penye joto. Kesho yake au kesho kutwa wanatazama: streptokokasi huyu huvunja damu, akaacha duara jeupe linalopitisha mwanga. Kwa darubini huonekana kama shanga zilizotungwa. Kumpanga katika kundi A tulifundishwa na Rebecca Lancefield wa Marekani, mwaka 1933. Siku hizi kipo pia kipimo cha dakika chache, ingawa si kila zahanati inacho.

Msiogope kungoja jibu. Dawa ikianzwa kabla ya siku 9 tangu koo kuanza, bado inakinga moyo. Pale ambapo hakuna kipimo, daktari ataamua kwa dalili. Penisilini ingali inamuua kijidudu huyu. Hutolewa sindano moja, au vidonge vya siku 10. Siku 10, jamani! Siyo siku 3 halafu vilivyobaki anapewa ndugu yake. Na kama mtoto amewahi kudhurika na penisilini, semeni mapema.

Lakini koo jingine halingoji maabara. Mtoto akitoa mate kwa sababu hawezi kumeza, akivuta pumzi kwa shida na sauti, au shingo ikivimba, mkalisheni wima na mkimbie hospitali. Msimtie kijiko kinywani kumchungulia. Utando wa kijivu ulioganda kooni huenda ni dondakoo. Ugonjwa huo haujaisha duniani. Mwaka 2023 Nigeria ilipata mlipuko mkubwa. Kinga yake imo katika chanjo ya wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Chanjo hiyo hiyo hukinga pia bakteria wa hib, anayeweza kuvimbisha kifuniko cha koromeo na kuziba pumzi. Na kukata kimio hakutibu lolote kati ya haya. Huleta kutoka damu na vidonda.

Kwa hiyo tunaomba kila kikundi kifanye mambo matatu. Kwanza, kagueni kadi za chanjo za watoto wenu katika mkutano ujao. Pili, ulizeni zahanati yenu kama inapima koo, au sampuli hupelekwa wapi. Tatu, wekeni akiba ndogo ya nauli, ili mama asiyekuwa na kitu siku hiyo asibaki nyumbani na mtoto anayekosa pumzi.

Tukifanya hivyo, tutakuwa tumelinda mioyo mingi.  Sasa tupokee maswali.