Kumfundisha Uliyecheza Naye

Kila timu zetu zinapofungwa mechi mbili tatu mfululizo, simu humiminika hapa studio. Dai ni lile lile: mwalimu aondoke, timu apewe Fulani. Na huyo Fulani siku zote ni mchezaji wa zamani aliyekuwa akitikisa nyavu. Hoja ni kwamba aliyejua kufunga atajua kufundisha.

Juma hili nitaijibu hoja hiyo kwa mfano wa mbali, kutoka Kanada, katika mchezo wa magongo unaochezwa juu ya barafu. Msicheke. Nairobi nako unachezwa. Timu yao inaitwa Ice Lions, na mwaka 2024 Kenya iliingizwa katika shirikisho la dunia la mchezo huo. Wachezaji sita kila upande huteleza kwa viatu vyenye chuma chembamba chini yake, wakigombea kisahani cha mpira mgumu.

Mfalme wa mchezo huo ni Wayne Gretzky. Hakuna aliyewahi kufikia jumla ya pointi zake 2,857 katika ligi kuu ya Amerika Kaskazini. Mwaka 2005 alikabidhiwa timu ya Phoenix kuifundisha. Akakaa misimu minne, na hata mara moja timu yake haikufuzu kuingia hatua ya mtoano. Basi, hoja ya simu zetu imekwisha? La hasha. Yuko mwingine.

Huyu ni Hector Blake, aliyezaliwa Ontario mwaka 1912. Dunia ilimjua kwa jina la Toe, lililotokana na mdogo wake wa kike aliyeshindwa kutamka Hector sawasawa. Mwaka 1939 alitunukiwa tuzo ya mchezaji bora wa ligi. Akawa nahodha wa Montreal Canadiens, akicheza safu moja na Elmer Lach na Maurice Richard, na kwa pamoja wakaleta Kombe la Stanley mwaka 1944 na 1946. Januari 1948 alivunjika mguu, na uchezaji ukaishia hapo.

Sasa sikilizeni kilichofuata, maana mashabiki wetu hukiruka. Blake hakupewa Montreal siku ya pili yake. Alikwenda kufundisha timu za madaraja ya chini, na muda mrefu zaidi aliutumia Valleyfield, mji mdogo wa Quebec. Miaka saba ikapita, nahodha wa zamani akihangaika na vijana ambao magazeti makubwa hayakuwaandika.

Machi 1955 Richard, kipenzi cha Wakanada wasemao Kifaransa, alimpiga mwamuzi katika mechi ya Boston. Rais wa ligi, Clarence Campbell, akamfungia hadi mwisho wa msimu. Tarehe 17 mwezi huo Campbell alipothubutu kuja uwanjani Montreal, bomu la machozi lililipuka, mechi ikavunjika, na usiku ule vioo vya maduka vikapondwa mtaani. Mwalimu Dick Irvin akaondoka. Nani angeweza kumtuliza Richard?

Meneja Frank Selke akamchagua Blake. Mama yake Blake alikuwa wa jamii ya Kifaransa, kwa hiyo lugha aliijua. Na hasira za Richard alizijua kwa kukaa naye chumba kimoja cha kubadilishia nguo miaka mingi. Hapo ndipo penye ugumu, kwani rafiki wa jana sasa unampangia nani aingie na nani atoke. Richard alicheza misimu mitano chini ya Blake, na misimu yote mitano, kuanzia 1956 hadi 1960, iliisha kwa kombe.

Asidhani mtu kwamba alikuwa malaika. Golikipa wake, Jacques Plante, alitaka kuvaa kinyago cha kulinda uso. Blake akakubali mazoezini tu. Katika mechi aliona kitamzuia kuona vizuri. Novemba 1, 1959, mjini New York, kisahani kilimpasua Plante usoni. Akashonwa, kisha akasema harudi bila kinyago. Siku hizo timu haikuwa na golikipa wa akiba benchini, Blake angefanya nini? Akameza mate, akakubali, wakashinda 3-1. Baada ya muda golikipa asiye na kinyago ndiye aliyeonekana wa ajabu. Mimi namheshimu zaidi kwa usiku ule wa kushindwa na mchezaji wake kuliko kwa baadhi ya makombe yake.

Makombe yenyewe alichukua manane. La mwisho lilikuwa la 1968, na mara baada ya kulichukua akajiuzulu akiwa na umri wa miaka 55. Hakufukuzwa na mtu. Wasiwasi wa kutakiwa kushinda kila usiku ulikuwa umemchosha. Alifariki mwaka 1995.

Timu aliyoifunga katika fainali ile ilikuwa St. Louis. Mwalimu wake alikuwa kijana mmoja, Scotty Bowman, ambaye maisha yake yote hakucheza hata mechi moja ya ligi kuu. Huyo ndiye aliyempita Blake, alipochukua kombe lake la tisa mwaka 2002.