Jino la Utoto kwa Mtu Mzima: Usikimbilie Kuling'oa

(Muziki unapanda, kisha unashuka)

 

Pitisha ulimi kwenye magego yako ya chini. Je, lipo moja dogo, fupi na jeupe kuliko mengine? Huenda ni jino la utoto ambalo halijatoka.

Mimi ninalo, na nina miaka 24. Nilipokuwa na miaka 17, wenzangu walinicheka: "Wewe bado mtoto!" Kwa aibu nikaenda kwa mzee mmoja anayeng'oa meno kwa koleo. Nilikuwa nimeshakaa kwenye kigoda mama aliponifuata. Akanishika mkono, akauliza: "Linauma? Linatikisika? Basi limekukosea nini?"

Baadaye nilipata rufaa ya hospitali, nikapigwa picha ya eksirei. Tabibu wa meno akanionyesha: chini ya jino lile hapakuwa na jino jingine.

Sikiliza inavyokuwa. Mtoto ana meno 20 ya utoto. Kuanzia miaka 6 hadi 12 hivi, huanguka moja baada ya jingine. Jino la ukubwani linapopanda kutoka chini, mzizi wa jino la utoto huyeyuka kidogo kidogo, nalo hulegea na kutoka. Lakini kuna watu wanaozaliwa bila mbegu ya jino fulani la ukubwani, kwa hiyo la utoto hubaki. Wengine jino lao la ukubwani lipo, ila limekwama ndani ya taya. Kwa macho huwezi kujua ni lipi kati ya hayo mawili. Ni picha itakayoonyesha.

Kwa hiyo si laana, wala si ushahidi kwamba umedanganya umri wako.

Ukiling'oa bila kujua, na chini hakuna kitu, utabaki na pengo. Meno ya jirani huanza kuinamia pengo hilo, na jino la bandia ni ghali. Jino la utoto lenye mzizi mzima linaweza kukutumikia miaka mingi. Wapo waliofika miaka 40 na zaidi wakiwa nalo.

Litunze. Gamba lake ni jembamba, hutoboka upesi. Piga mswaki mara 2 kwa siku kwa dawa yenye floraidi, punguza vitu vya sukari. Nenda kliniki likiuma, likitikisika, ufizi ukivimba, au ukiona linazidi kuwa chini kuliko wenzake. Ukifika, sema hivi: "Naomba kwanza tujue kuna nini chini yake." Kuuliza hivyo si kukosa adabu. Kinywa ni chako.

Jino langu bado lipo. Leo mchana limetafuna mahindi ya kuchoma.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda. Usiku mwema.

(Muziki)