Kisomo, Redio na Kishikwambi: Hotuba kwa Walimu Wanaohitimu, Ilemela

Kufundisha kusoma kwa kutumia vyombo vya mawasiliano si jambo geni Kanda ya Ziwa. Kati ya mwaka 1968 na 1972, Serikali na UNESCO ziliendesha mradi wa majaribio wa kisomo chenye manufaa katika mikoa ya Mwanza, Mara, Shinyanga na Ziwa Magharibi, yaani Kagera ya leo. Mkulima alijifunza herufi kwa kitabu cha pamba, mvuvi kwa kitabu cha uvuvi. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya redio ya Mtu ni Afya, iliyovuta watu wapatao milioni 2. Kila kikundi kilikuwa na kijitabu na kiongozi aliyefunzwa: watu walisikiliza, wakasoma, wakajadiliana, kisha wakashika majembe wakachimba vyoo. Vipindi vya redio vinavyoishia kwenye shimo la choo ni vichache duniani.

Chombo cha leo ni kishikwambi: baada ya Sensa ya 2022, walimu waligawiwa vishikwambi vilivyotumika kuhesabu watu. Hapo ndipo penye kero. Vishikwambi vingi vinatuma taarifa ofisini, kisha vinarudi mkobani, huku wanafunzi wakiendelea kunakili ubaoni. Mwalimu anayekitumia hivyo ameongezewa mzigo tu, na chaji ananunua mwenyewe.

Mtoto wa Igombe au Kayenze, hapa Ilemela, anasoma mengi kabla ya kengele ya shule: bei za dagaa, ramani, picha, ujumbe wa muamala. Ujumbe wa muamala peke yake ni somo zima la Hisabati: kiasi kilichotumwa, makato, salio. Ule mwingine maarufu wa matapeli, "ile hela itume kwenye namba hii", ni somo la Kiswahili. Darasa linauliza: hela ipi? Nani anasema? Mbona hajataja jina? Mwanafunzi anayeyajibu maswali hayo ameshajua kupima habari, na pengine ameokoa ada ya mdogo wake.

 

Mwalimu mpya anayepangiwa shule isiyo na umeme asisubiri kompyuta. Ujumbe ule wa simu unaandikwa ubaoni kwa chaki, na kipindi kinaanza.