Jiwe liko Blankenberge, wafu wako Kasongo



Huko Ubelgiji, kando ya bahari, kuko mji mdogo unaitwa Blankenberge. Tangu 1900 wako na mnara pale, kazi ya mchongaji Guillaume Charlier. Ni wa Wabelgiji wawili, Lippens na De Bruyne, waliouawa hapa kwetu Kasongo Desemba 1892, katika vita vya watu wa Leopold na watu wa Sefu, mtoto wa Tippu Tip. De Bruyne alikuwa mtoto wa Blankenberge, njo maana mji ulimkumbuka. Miaka minane tu, jiwe limesimama.

Hatuwalaumu, walilia mtoto wao. Lakini vita vile vile vilimaliza wangapi wetu? Aprili 1893 Dhanis aliingia Kasongo, 1894 moto ukafika Kabambare. Wabeba mizigo, Wangwana, vijana waliopiganishwa pande zote mbili, wamama waliokimbia: nani alichonga majina yao? Na wa juzi, wa Salamabila, nao tutawaacha hivyo hivyo?

Lisanse tuko nazo, kazi hatuna. Basi wakati tuko nao. Tuanze na kaye, jiwe litafuata. Kila mtaa, vijana wawili waende kwa wazee: jina, kijiji, mwaka. Familia ikikataa, msiandike. Na tusingojee mbunge. Akileta simenti, jina lake litatangulia ya wafu.

Tarehe 2 Agosti, taifa likikumbuka wahanga wa vita, tutayasoma yote kwa sauti. Kazi inaanza Jumamosi hii. Kila mtu aje na biki yake.